Kuangaliwa kwa Anaïs

Lubumbashi, Katuba, 8 Machi 2009

Yaya Marie-Claire, dada yangu mkubwa,

Nyumba nzima inakusalimu, wakubwa kwa wadogo. Sisi ni wazima. Mvua hazijakatika, barabara ya shuleni imekuwa mto, na wanafunzi wangu wanaingia darasani wamebeba viatu mkononi. Mke wangu Yolande bado anasumbuliwa na presha, ila dawa ulizotuma zilifika na anazinywa. Kila akisali anakutaja. Anasema wewe ndiye mama wa pili wa Anaïs wetu, nami naitikia amina. Shemeji alipofariki nilikuwa na wasiwasi utakaaje peke yako katika nchi ya baridi, bila mtoto. Sasa najua ukitoka kazini hospitalini binti yetu yupo wa kukufungulia mlango.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kusalimiana, na nyumba zetu zimebanana, jirani anasikia hata kikohozi. Barua hii nampa Papa Zuberi, anasafiri Ijumaa.

Jambo lenyewe ni hili. Mchungaji Mwamba alifika hapa na wazee wawili. Wanamtaka Anaïs kwa kijana wao Junior, yule injinia wa mgodini. Wenyewe wanajuana tangu shule, na Anaïs hakukataa. Alisema tu amalize masomo kwanza. Unajua pia kwamba Mchungaji ndiye msimamizi wa shule zetu zote za Kiprotestanti hapa mjini, na préfet wetu, mkuu wa shule yetu, anastaafu. Sisemi mambo hayo mawili ni kitu kimoja.

Bon. Wazee wale wanaheshimu elimu, ila wanaiogopa Ulaya. Walisema, msichana aliyekaa Bruxelles miaka minne mbali na wazazi wake, nani atamjua? Katika kanisa lao siku hizi bibi arusi hafiki madhabahuni kabla wamama hawajamwangalia mwilini. Nikawajibu kwamba dada yangu ni kiongozi wa wamama katika kanisa la huko, na neno lake ni neno. Walifurahi sana. Walikunywa chai mara ya pili.

Donc, yaya, unaelewa ninachoomba. Sitaki kukiandika. Yolande sijamwambia, kwa sababu ya presha.

Mdogo wako,
Onésime Nday


Jette, Bruxelles, 2 Mei 2009

Mudogo wangu Onésime,

Barua yako ilinifikia wiki ya Pasaka. Papa Zuberi aliisahau ndani ya koti, unajua vile alivyo. Niko muzima, namushukuru Mungu, ila mugongo unaniuma juu ya kuinua wagonjwa. Hapa jua limeanza kutoka, bantu wamekaa nje kama mijusi. Jumamosi nilishuka Matonge, kwa maduka yetu ya Wakongo, nikapata sombe muzuri, majani ya muhogo, kule Chaussée de Wavre, nikaipika na mafuta ya ngazi, yale ya mawese. Anaïs alikula mpaka akalegeza mukanda.

Anasoma sana huyu mutoto. Tukiwa jikoni ananieleza kazi yake ya kumaliza masomo. Ni mambo ya India na ya hapa kwetu. Anasema zamani mji huu wa Bruxelles ulikuwa unaandika majina ya wanawake waliouza mwili kwenye daftari la polisi, na daktari aliwaangalia kila wiki, kwa lazima. Waingereza nao walifanya vile vile kule India, juu ya afya ya maaskari wao. Kisha watu wa dini wakasimama kuwatetea wale wanawake, wakasema kumushika muntu hivyo ni dhambi, na sheria zikafutwa. Lakini eti wengi kati ya hao watetezi waligeuka kuwa walinzi wa tabia za wengine, wakaanza kuwinda wanawake na wanaume kwa jina la usafi. Nikamwambia, mutoto wangu, si dini njo inatulinda? Akacheka, akanibusu kichwani, akasema, "Tantine, ngoja nimalize kuandika."

Bon, lile jambo lako. Hata hapa limefika. Pasta Désiré ametuletea mafundisho ya usafi, na bamama wa comité, kamati yetu, tunaangalia kila musichana anayetaka kufunga ndoa. Niliangalia wawili tangu Noeli. Anaïs haji kanisani kwetu, hajui.

Nimekuelewa. Ni mutoto wangu pia, na kama ni lazima, afazali mukono wangu kuliko wa mugeni. Ila nakuuliza kitu kimoja, na ujibu mbio: hatungemuuliza mwenyewe kwanza?

Busu kwa Yolande. Mwambie apunguze chumvi.

Yaya wako,
Marie-Claire


Lubumbashi, 14 Juni 2009

Yaya mpendwa,

Salamu zako tumezipokea kwa furaha, na soksi za sufu zimefika wakati wake, maana kibaridi cha Juni kimeingia. Asubuhi tunafundisha tumevaa makoti. Yolande hajambo.

Umeuliza kama tungemuuliza. Usimuulize. Vijana waliosoma wana maneno mengi. Ukimpa nafasi ya kujadili, atakuletea India nzima mezani. Mimi ni mwalimu wa historia, nawajua. Nilichokipenda katika kazi yake ni kwamba anaelewa kila taifa lilihangaika na usafi wa wanawake wake. Basi na sisi ni taifa.

Hata mama yetu aliangaliwa, na hakuna aliyekufa. Mwambie ni baraka ya wasichana wachumba, na si uongo kamili. Mchungaji amekwisha kuniuliza mara mbili. Nahitaji neno moja tu kutoka kwako, ndiyo au hapana, nami nitalifikisha.

Fanya kabla ya likizo.

Onésime


Jette, 30 Agosti 2009

Mudogo wangu,

Salamu. Niko muzima. Kazi ni nyingi, wenzangu wote wameenda vacances, nafanya zamu zao. Hapa kulikuwa joto kali mwezi huu mpaka wazee wawili katika service yetu ya hospitali walizimia.

Namutuma huyu mama anayekuja huko na viatu vya Yolande na kitambaa cha pazia. Kama viatu vinambana, avilowanishe kidogo.

Anaïs amehama. Amepata chumba kwa mama mmoja wa Bukavu, Claudine, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Nyumba yake iko upande wa Gare du Nord, donc kwa Anaïs ni rahisi kufika chuoni. Anasoma. Ni muzima.

Nina haraka, huyu mama anangoja chini.

Marie-Claire


Lubumbashi, 11 Oktoba 2009

Yaya,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Joto la Oktoba limetushika, mijakaranda imechanua, na umeme unakatika kila siku.

Viatu vilimtosha Yolande. Yuko hapa kando yangu ninapoandika, naye anataka niulize yafuatayo. Anaïs alimpigia simu mama yake Jumapili. Hakuniulizia mimi. Mama yake alipomtaja tantine, alilia. Alisema tu kwamba hatarudi Jette, na kwamba habari ya Junior imekwisha. Tulipomuuliza sababu, alisema, "Mumuulize tantine."

Basi tunakuuliza. Ulimfanyia nini mtoto wetu? Tulimkabidhi mikononi mwako tukijua umri wako na imani yako. Kama kuna jambo lilitokea katika nyumba yako au katika kanisa lako, ni haki ya wazazi kulijua. Mimi kama baba yake nimeumia sana.

Tunangoja jibu lako.

Onésime na Yolande


Jette, 24 Januari 2010

Onésime,

Barua hii naituma kwa anwani ya shule, juu uisome peke yako. Theluji imelala hapa wiki mbili, tram zinachelewa, na mimi niliteleza mbele ya hospitali nikaumia kiwiko. Ninaandika pole pole. Si kiwiko tu kilichonichelewesha. Nilianza kukujibu mara nyingi, kila mara nikapasua karatasi.

Nimeona nani alikuwa amekaa kando yako ulipoandika. Juu yake njo ulijifanya hujui. Sikukasirika. Nilikuona tu kama vile tulivyokuwa watoto, ukivunja sahani na kuita kwa sauti kubwa, nani amevunja sahani?

Nitakwambia ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Julai, mchana. Nilimwambia Anaïs avae kitenge kizuri, tunaenda kwa Maman Régine wa comité, kuna maombi ya baraka ya wasichana wachumba. Alikuwa na kazi, lakini akaja. Alinunua maua njiani, juu hawezi kuingia nyumba ya muntu mikono mitupu. Tulikuwa bamama watatu. Tuliimba, tuliomba. Kisha Régine akafunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akatandika taulo kitandani.

Anaïs aliangalia taulo, akaangalia ufunguo. Ni mutoto mwenye akili, sikuhitaji kueleza. Alisema kwa upole kabisa, kwa Kifaransa, kwamba yeye anaenda nyumbani. Régine akamwambia msichana asiye na kitu cha kuficha haogopi. Akasema tena anaenda nyumbani. Régine akasimama mbele ya mlango.

Alors akanigeukia mimi. Alisema, "Tantine, na wewe?"

Nikamwambia, "Ni dakika moja tu, mwanangu. Ni juu ya heshima yako."

Hakupiga kelele. Hakushindana nasi. Tulimshika mikono bure, alikuwa ameshaacha kuikaza. Mukono ulikuwa wangu, kama nilivyokuahidi. Alinitazama usoni muda wote. Niko na miaka hamsini na saba, nimeosha maiti, nimeosha wagonjwa wa kila namna, na sijawahi kuangaliwa na muntu kwa macho kama yale.

Tuliporudi alioga muda mrefu. Nilipika mchele. Alitoka chumbani na sanduku lake, akaweka funguo za nyumba juu ya meza, karibu na sahani yake, akaenda. Maua yale yalibaki kwa Régine.

Unajua, mimi pia niliangaliwa, mwaka nilioolewa na marehemu. Bashangazi walikuja wanne. Walipotoka nje wakipiga vigelegele, baba alichinja kuku, na wewe ulikula ule kuku. Sikumwambia muntu yeyote nilivyojisikia, hata marehemu sikumwambia. Nilifikiri ndivyo mwili wa mwanamke unavyopita. Ilibidi nimfanyie mutoto wa mudogo wangu ndipo nikumbuke.

Sikumwambia Anaïs kwamba wewe njo uliomba. Anaamini ni mimi na pasta. Nimemwacha aamini hivyo. Hilo ni lako, utalisema au hutalisema.

Na lile neno moja unalongoja, ndiyo au hapana, sitalileta.

Marie-Claire


Lubumbashi, 14 Machi 2010

Yaya,

Nimesoma barua yako darasani baada ya wanafunzi kutoka. Pole kwa kiwiko. Sijui niandike nini kabla ya hapo wala baada ya hapo.

Yolande amejua. Anaïs alimwambia kwa simu yale ya taulo na ufunguo. Mama yake alikuja akasimama mlangoni mwa sebule, nikiwa nasahihisha mitihani, akaniuliza kama nilikuwa na habari. Niliinamia mitihani. Nilikuwa bado naweka alama alipogeuka. Siku ile alihamisha godoro lake chumba cha watoto. Ananipikia bukari, ugali wetu, ananiwekea maji ya kunawa, kisha anaenda kukaa nje na kujipepea. Hajanitukana. Ningependa anitukane.

Najua ninachotaka kusema sasa kitakuudhi. Mji umeanza kusema. Mchungaji alitangaza uchumba kwa wazee, na sasa kimya chetu kimedumu miezi nane. Wamama wa kanisa lake wanasema msichana wa Nday alipatikana vibaya, ndiyo maana baba yake anakwepa. Mwanafunzi mmoja aliandika kitu ubaoni kabla sijaingia, nilikifuta mwenyewe. Yolande sokoni wanamnyamazia akikaribia.

Yaya, jambo limekwisha kufanyika, hatuwezi kulirudisha. Lakini kama uliona ndiyo, basi ndiyo yako inaweza kuwafunga midomo wote hawa kwa siku moja. Itamlinda yeye. Sisemi kwa ajili ya Junior, wala kwa ajili ya ile nafasi ya préfet. Nasema kwa ajili ya jina lake. Neno moja tu.

Nisamehe kama naandika vibaya. Siku hizi naandika vibaya hata ubaoni.

Onésime


Jette, 4 Julai 2010

Mudogo wangu,

Mimi ni muzima, na kiwiko kimepona. Mwaka huu kiangazi kimekuja vizuri, nimepanda nyanya kwenye balcon. Yolande nilimpigia simu mwezi wa nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza bei ya mafuta ya ngazi huku. Tuliongea mafuta. Nadhani ndivyo alivyoweza.

Nina habari ya Anaïs. Tarehe 22 Juni alitetea kazi yake mbele ya maprofesa. Hakuniita. Claudine njo aliniita. Huyu mama ni mkimbizi wa zamani, ameona mengi kule Kivu, na hana maneno mengi. Aliniambia, "Njoo, ukae nyuma na mimi. Akitaka utoke, utatoka." Nilivaa rangi ya giza, nikakaa nyuma.

Aliniona wakati anapanga karatasi. Akasimama kidogo, kisha akaendelea kuzipanga.

Sikuelewa yote. Alisema juu ya wale wanawake wa Bruxelles na wale wa India, juu ya madaktari, juu ya wapinzani wao na sala zao. Profesa mmoja mzee akamuuliza, kwa heshima, kwa nini anaunganisha nchi zilizo mbali hivyo, na desturi zisizofanana. Anaïs alikunywa maji. Akajibu kwamba aliyewaangalia wale wanawake alisema ni kwa faida yao, na aliyekuja kuwaokoa naye alisema ni kwa faida yao, na katika karatasi zote alizosoma, za huku na za kule, ni mahali pachache sana ambapo muntu aliwauliza wao. Claudine alinishika mukono juu ya goti. Sijui alijua nini. Nilikuwa na haya, Onésime, mpaka nikahisi bantu wote katika kile chumba wanaijua harufu yangu.

Walimpa distinction, sifa ya juu. Rafiki zake walimkumbatia. Mimi nilingoja kwenye korido, karibu na mlango, ili apite kama anataka kupita.

Alikuja. Nikamwambia nimekuja kusema nina haya, na kwamba siombi anisamehe leo. Akaniambia, "Tantine, nilikuwa nakuangalia wewe juu nilikuwa nangoja useme inatosha. Nilijua utasema. Nilingoja mpaka mwisho."

Hakusema kwa hasira. Kama angesema kwa hasira ningejua pa kujificha.

Kisha akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nilitii kanisa. Ni kweli, na si kweli yote. Aliniangalia, akaona iko kitu kimebaki. Hakukiuliza. Alisema asante juu nimekuja, akaenda kunywa na wenzake. Claudine alinipa kipande cha keki ndani ya kitambaa. Sikuweza kukila.

Jumapili iliyofuata nilisimama katika comité. Walikuwa wamepanga kumwangalia Sephora, musichana wa miaka ishirini, mwimbaji wetu. Niliwaambia sitafanya tena, na kwamba sisi bamama hatuna ruhusa ya Mungu kufunga mlango kwa ufunguo. Régine akaniuliza kama nimemfichia mutoto wangu aibu. Pasta Désiré alinisikiliza, akasema shetani anapitia kwa wasomi kuingia kwa wazee, akanivua uongozi palepale. Sasa nakaa viti vya nyuma, na hakuna anayenitumia tena ujumbe wa maombi. Ungefikiri niliokoa kitu. Sephora walimwangalia tu, wiki ile ile, bila mimi. Nilimwendea mama yake nikachelewa. Na wale wawili wa kwanza, niliowaangalia kabla ya Anaïs, nilienda kwa mmoja kumwomba radhi. Alikuwa ameolewa tayari, ana mimba. Alinisikiliza kwenye mlango, akasema mume wake amelala, akafunga.

Bon. Unaomba neno. Nimemuomba Mungu juu ya hilo, nikaona ni hivi. Nikikwambia ndiyo, utalibeba kwa furaha mpaka kwa Mchungaji, na mukono wangu utakuwa umefanya kazi yake hadi mwisho. Nikikwambia hapana, utalificha, na utamwangalia mutoto wako kwa jicho lingine mpaka unazikwa. Donc hakuna neno. Nilichokichukua kwake bila ruhusa siwezi kukitoa zawadi. Nitakufa nacho.

Ukimpenda, nawe acha kukiuliza.

Yaya wako,
Marie-Claire


Lubumbashi, 5 Septemba 2010

Yaya yangu,

Shule inafunguliwa kesho. Nimepaka chokaa darasa langu mwenyewe, maana tunaye préfet mpya na anapenda kuta nyeupe. Ni kijana mwenye adabu, anatoka Likasi, alikuwa mwanafunzi wangu. Aliponiamkia kwa kuinama niliona amefundishwa vizuri, nikakumbuka ni mimi niliyemfundisha.

Nilikwenda kwa Mchungaji Mwamba mwezi wa saba. Nilikwenda kwa miguu ili nipate muda wa kujirudi, lakini nilifika. Junior alikuwepo. Nilimwambia Mchungaji kwamba binti yangu amemaliza masomo kwa sifa, kwamba ndoa haipo kwa sababu yeye mwenyewe hataki, na kwamba habari yoyote kuhusu mwili wake haitatoka nyumbani kwangu, si leo wala kesho. Nilidhani nitasema mengi zaidi. Nilikuwa nimeandaa hata historia.

Mchungaji hakukasirika. Alinisikitikia. Alisema, "Basi tumekuelewa, mwalimu," kwa sauti ile wanayotumia msibani. Nikajua ameelewa alichotaka kuelewa. Pale, yaya, uongo ulinijia mdomoni, mzuri, mtamu: ningesema dada yangu amethibitisha, kila kitu ni safi, ila msichana amebadili mawazo. Nani angekuandikia kukuuliza? Mji ungenyamaza. Yolande angepita sokoni kichwa juu. Junior alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimtazama yule kijana nikaona naye anangoja neno lile lile nililokuwa nalingoja mimi. Nikaaga.

Kwa hiyo mji unaendelea kusema, na mimi ndiye niliyewaachia. Nikipita, nasikia. Sijui kama nilifanya vema. Najua tu kwamba sikumtumia tena binti yangu.

Sasa la mwisho. Jumapili iliyopita Anaïs alimpigia mama yake. Baada ya muda Yolande alikuja sebuleni, akaninyooshea simu. "Anakuomba kwenye simu," alisema. Tangu godoro lihame, ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni.

Nilisema "Allô". Anaïs aliniamkia vizuri, akauliza afya yangu, akauliza shule. Kisha akasema, "Papa, nataka kuuliza kitu, na unijibu tu. Ulijua tantine atanifanyia vile?"

Yaya, ulikuwa umenilinda mwaka mzima. Ningeweza kuingia nyuma yako tena nikakaa.

Nikamwambia, "Njo miye nilimuomba. Yeye alitaka tukuulize kwanza, miye nikamukataza."

Nilisikia magari ya huko kwenu yakipita, na mtu akicheka mbali. Nilitaka kuongeza kitu, kwamba nina haya, kwamba nilikuwa mjinga, kwamba nilifikiri ya kazi. Niliona kila nitakaloongeza litakuwa kumwomba yeye anibebee.

Mwishowe akasema, "Asante juu umesema, papa. Unipe mama."

Nikampa. Waliongea muda mrefu, habari za dawa, habari za nguo za baridi, habari ya kazi aliyoipata katika jumba la makumbusho. Yolande alicheka mara moja. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya sebule ya nyumba yangu kama mgeni ambaye hajaambiwa akae.

Hajaniomba tena kwenye simu. Yolande bado analala chumba cha watoto, lakini juzi aliketi tukala pamoja.

Usimwendee Anaïs kwa niaba yangu, nakusihi. Usimwambie baba yake analia, hata kama utasikia ninalia. Akija mwenyewe Jette, mfungulie, umpikie anachokipenda, na umwache akae anapotaka kukaa. Akiondoka mapema, usimuulize kwa nini.

Onésime